Fundi Aliyeutoa Moto Mbele ya Wageni

Niliamini kwa moyo wote, na cheti changu cha shule ya jioni kikiwa mfukoni, kwamba injini ya moshi ya Makebuko haimvuti mtu mwongo. Ukipanda behewa ukiwa na uongo tumboni, magurudumu yanazunguka bure, mvuke unatoka kila tundu, na injini inabaki palepale kama ng'ombe aliyegoma kuvuka daraja. Wala sikuwa peke yangu, kilima kizima kiliamini. Kulikuwa na mshona nguo mmoja wa Buraza aliyewaahidi maharusi watatu gauni lile lile kwa Jumamosi ile ile. Alipanda siku ya mvua, na injini ikateleza kwenye kona ya mikaratusi. Akashuka mwenyewe bila kuambiwa, akaenda kusimama pembeni na kofia yake mkononi, na injini ikaondoka. Niliona kwa macho yangu haya. Kwamba reli zilikuwa zimelowa, na kwamba watu wengine kumi na watano walishuka pamoja naye kusukuma, hilo sikulitia maanani.

Ndiyo maana siku ile Fundi alipoutoa moto wa injini mbele ya wageni wa heshima, katikati ya njia, mimi sikuuliza sababu. Nilimjua mwongo. Alikuwa mimi.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine wote pale walikuwa na nyongeza, fundi umeme, fundi bomba, fundi matofali. Yeye alikuwa Fundi tu, kama vile hakuna kazi nyingine duniani. Aliyemleta ni Hadji, mfanyabiashara wa mjini Gitega, mwenye kilima kile cha kahawa na mwenye kila kitu kilichokuwa juu yake. Hadji aliinunua injini ndogo ya moshi kutoka shamba la mkonge lililofungwa huko Tanzania, ikavushwa mpakani vipande vipande juu ya malori, na malori yalipolala Butihinda, mkoani Muyinga, mzee mmoja mfupi aliyerudi kutoka uhamishoni akayazunguka mara tatu. Kisha akamwambia dereva kwamba bomba lile wamelifunga juu chini. Alikuwa ameendesha injini ya namna hiyo nusu ya maisha yake, huko huko Tanzania. Alipanda lori na hakushuka mpaka Makebuko, na mimi nikawa msaidizi wake wa kutia kuni na maji.

Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, mtu mzima anaivuka bila kupanua hatua. Ilizunguka kilima, kutoka mahali pa kuoshea kahawa mpaka ghalani na kurudi, kilomita moja na nusu. Mimi nikiwa kwenye baa za Gitega niliiita kilomita kumi, na hakuna aliyebisha, maana katika nchi isiyo na garimoshi kilomita za reli ni za yule anayezisimulia. Siku za kazi ilivuta magunia. Mara moja kwa mwaka, mavuno yakiisha, Hadji alifungua lango na kila mtu akaja kupanda. Tuliiita porte ouverte, yaani mlango wazi, na watu walitembea kwa miguu tangu alfajiri kuifuata.

Fundi alikuwa mfupi kiasi kwamba injini ikipita uliona kofia tu ikisafiri dirishani. Na ile kofia! Ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi hata ungeweza kuitumia kukaangia mayai. Alikuwa na mikono mikubwa isiyo yake, kama ameiazima kwa mtu mwingine. Mtu huyo aliyeshinda futi mbili kutoka kwenye moto mkali kama jua aliogopa pikipiki kuliko kifo. Hakuwahi kupanda teksi-moto hata siku moja. Alitembea kutoka barabarani mpaka ghalani na mzigo begani, akisema kitu chenye magurudumu mawili hakijaamua bado kama kinataka kusimama.

Kuhusu chumvi katika maneno, mimi hutia kijiko, yeye alikuwa na gunia. Alituambia aliwahi kuendesha injini usiku mzima na simba amelala juu ya behewa la nyuma, na simba akashuka kituoni kwa adabu kama abiria. Umri wake ulibadilika kila juma. Lakini ikifika kwenye boila, chumvi yote iliisha. Hapo ukimdanganya kwa neno moja hakupigii kelele, anakuacha tu bila kazi siku nzima umekaa kwenye gogo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Kitu kilichomgombanisha na kilima chetu ni salamu. Kwetu mtu akiamka anakusalimu, anauliza umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe amelalaje, ndipo mengine yafuate. Fundi alifika asubuhi akapita katikati ya watu kama anapita shambani, akaenda moja kwa moja kwenye injini, akainama, akatazama maji. Ndipo alirudi kusalimu, tena vizuri, kwa mikono miwili. "Maji kwanza, salamu baadaye," ndivyo alivyosema. Siku moja alimpita hivyo mama yake Hadji, mwanamke mzee ambaye hata Hadji mwenyewe humwinamia. Tulimwita Mama Mzee. Yule mama akamgeukia mwanawe.

"Huyu mtu wako," akasema, "kule Tanzania walimlea na mbuzi?"

"Ni kazi yake, mama."

"Mbuzi nao wako na kazi. Lakini wanasalimu."

Fundi alisikia. Alipomaliza na maji yake alirudi, akamshika mama mikono, akamuuliza habari za nyumbani mpaka yule mama akachoka kujibu.

Nieleze hayo maji, maana kila kitu kinatoka hapo. Ubavuni mwa boila kuna bomba la kioo, refu kama kiganja na vidole. Maji yaliyo ndani ya boila yanaonekana mle kwa mstari. Mstari ukiwa juu, maji ni mengi, ukiwa chini, ni machache. Ubaya ni huu: kioo kilichojaa kabisa na kioo kitupu kabisa vinafanana. Vyote ni vyeupe, safi, bila mstari. Kwa hiyo hukitazami tu. Unafungua koki ndogo ya chini na kuona kinachotoka. Yakitoka maji, umepona. Ukitoka mvuke mtupu, chuma kilicho juu ya moto kimebaki bila maji, kinaanza kuwa chekundu, na ukikosea hapo ukatia maji baridi, boila linapasuka na kuondoka na kila aliye karibu. Fundi alinifundisha hayo nimefumba macho. Alinifanya nisikilize koki kama watu wanavyosikiliza redio, maji yanatema, mvuke mkavu unapuliza.

Miaka miwili ya mwisho alibadilika, na sisi tulifurahi. Alianza kusalimu kwanza. Alifika asubuhi, akasimama na watu, akauliza habari za ng'ombe wote wa kilima, na mimi nikawa nimetangulia kwenye boila. Mama Mzee alisema hatimaye mtu wa Tanzania amekuwa mtu wa hapa. Mimi nilipata cheo. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, Fundi aliacha kuniita jina langu akaniita Msomi, na kila mara alisema, "Msomi, nisomee geji." Nikasimama wima na kusoma sindano inayopima nguvu ya mvuke kwa kilo, kwa sauti kama ninasoma habari za taifa. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba injini ile sasa haiendi bila elimu yangu.

Siku ya porte ouverte ya mwisho, Hadji alifika saa moja asubuhi na uso uliokunjamana. Wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuamua kama reli inaruhusiwa kubeba watu au inafungwa.

"Fundi," akasema mbele yetu sote, "hawa wageni wa leo, ni wao wanapaswa kusema kama njia inabakia. Leo ikiharibika, mi nakata hii chuma. Nauza kilo kwa kilo. Unanisikia?"

"Nimekusikia, Hadji."

"Mi si mchezo."

"Najua, Hadji."

Fundi alipapasa ubavu wa injini wakati akijibu, polepole, kama mtu anayempapasa mnyama asiogope. Hakuwa na kazi nyingine duniani. Watoto wake walikuwa wakubwa na mbali, shamba lake la Butihinda lilikuwa dogo kama mkeka. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba chuma kile kikikatwa, yeye naye amekwisha.

Wageni walitegemewa saa tatu. Saa nne hawajafika. Saa tano hawajafika. Watu walianza kukaa kwenye nyasi, wengine wakaanza kutazama njia ya kurudi nyumbani, na Hadji akaja mbio.

"Piga honi, watu wasiende!"

Nikapiga. Kila gari lililoonekana barabarani, Hadji alidhani ni wageni, na mimi nikapiga. Honi ya mvuke inakula maji, jambo ambalo nilifundishwa na nikalijua, lakini watoto walikuwa wanaruka kila nikivuta ule mnyororo, mke wangu alikuwa amesimama mbele, na mwalimu wangu wa shule ya jioni alikuwa amesimama pembeni yake. Nilivuta kama padri anayegonga kengele ya Pasaka. Saa sita, magari ya wageni yakaingia.

"Msomi," akasema Fundi, "umekipima kioo?"

"Nimekipima, Fundi. Kimejaa."

Sikuwa nimekipima. Nilikuwa nimekitazama, nikaona cheupe, safi, bila mstari, nikajiambia kimejaa. Koki ya chini hutema maji ya kutu, na mimi siku ile nilikuwa nimevaa shati jeupe nililopigia picha siku ya kupokea cheti. Ndiyo sababu, sina nyingine. Fundi aliinamisha kichwa, pua ikakaribia kugusa kioo, akakaa hivyo kwa muda.

"Haya," akasema.

Tulipandisha mgeni wa heshima na wenzake, Mama Mzee akiwa kwenye kiti cha mbele na mwavuli wake, na nyuma yao watoto wa shule wamebanana kama maharagwe ndani ya ganda. Hadji alisimama kwenye ngazi ya behewa akionyesha wageni kahawa yake kulia na kushoto. Tukaondoka. Mabehewa yalienda kwa utulivu, watu walipunga mikono, na mimi nilitia kuni nikiwa nimekunja mikono ya shati kwa uangalifu mkubwa.

Kwenye kona ya mikaratusi, njia inapopanda, Fundi aliinua kidole. Nilikuwa namsimulia kitu, nikakatiza. Aliinamisha sikio upande wa boila. Kisha akafunga mvuke, akafunga breki, na tukasimama pale pale mlimani. Aliinua mkono bila kutazama, akafungua koki ya chini.

Haikutema. Ilipuliza. Puu, kavu, ndefu, kama mtu anayezima mshumaa usiozimika.

Nilishika mpini wa pampu ya maji. Sikufikiri, mwili wenyewe ulitaka kutia maji mahali palipokosa maji. Fundi aliupiga mkono wangu kwa spana. Miaka yote hiyo hakuwahi kunigusa.

"Ukitia sasa unatuua wote," akasema taratibu. "Shusha watu."

Hadji alikuwa tayari amefika. "Iko nini tena? Wageni iko juu ya behewa, weye unasimama hapa?"

"Shusha watu, Hadji. Wote. Waende juu, kwenye kahawa, mbali."

"Hapa? Fundi, fika tu ghalani. Ni mita mia mbili, bon, fika kwanza."

"Sifiki."

"Unajua mi nimesema nini asubuhi."

"Najua, Hadji. Shusha watu."

Watoto hawakutaka kushuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo, wakashikilia viti na kucheka. Mgeni wa heshima alishuka akiwa anatafuta mahali pa kuweka viatu vyake. Mama Mzee ndiye aliyebaki.

"Mi siteremuke," akasema. "Nimetoka mbali na hii miguu yangu. Kama kuna mtu amedanganya, ashuke yeye."

Maneno hayo yakaruka kwenye umati. Kuna mwongo behewani. Niliwaona watu wakicheka na kutazamana huku wanapanda kwenye kahawa, kila mmoja akimtafuta mwenzake, na mwalimu wangu, aliyekuwa amepanda behewa la nyuma, naye akageuka kutafuta. Nilitazama shati langu. Lilikuwa bado jeupe.

Fundi alishuka kutoka kwenye injini, na kuni zinawaka ndani, na chuma kinakauka juu ya moto, na akaenda kusimama chini ya kiti cha yule mama. Akavua ile kofia.

"Mama, nakuomba. Nina watoto wawili tu wanaojua jina langu. Nisaidie nisiwe na habari mbaya ya kuwapelekea."

Yule mama alimtazama. Kisha akampa mwavuli, akamshika bega, akashuka.

Ndipo Fundi akautoa moto. Alifungua mlango wa jiko na kuvuta kuni zinazowaka kwa reki ndefu, zikaangukia kati ya reli, nyekundu, moja baada ya nyingine, nyasi zikashika, mimi nikapiga moto wa nyasi kwa gunia. Moshi ulimfunika hata sikumwona. Majivu yaliwafikia wageni. Mmoja wao alisema kwa sauti ya watu wa ofisini, "Kumbe ndiyo hiyo garimoshi."

Moto ulipoisha, hatari haikuisha. Ilibidi kungoja mvuke ushuke wenyewe. Fundi alinisimamisha nyuma yake, kati yangu na boila akawa yeye.

"Msomi, nisomee geji. Kwa sauti."

"Kilo saba."

Juu kwenye kahawa hakuna aliyecheka tena.

"Nisomee."

"Kilo saba bado."

"Nisomee."

"Sita na nusu."

Nilisoma hivyo, nadhani, miaka minne. Ilipofika kilo mbili aliketi juu ya taruma la reli, kofia magotini, na Hadji akaja kusimama juu yake.

"Nani amefanya hivi?" Hadji akauliza.

"Kosa ni langu," akasema Fundi.

Mimi nilikuwa hapo. Niliyasikia maneno hayo na nikanyamaza. Kesho yake asubuhi Fundi alichukua mzigo wake begani akatembea mpaka barabarani, na hakurudi.

Miaka mitatu injini ilisimama kwenye kona ya mikaratusi na kuku walitagia ndani ya jiko. Hadji alileta watu wa kukata chuma mara mbili, na mara mbili Mama Mzee aliketi kwenye ngazi ya injini na mwavuli wake mpaka wakaondoka. Hadithi ya mwongo iliendelea kunenepa. Wengine walisema ni mgeni wa heshima mwenyewe. Niliwaacha waseme.

Mwaka huu Hadji alimleta mtu wa boila kutoka Tanzania. Alijipenyeza ndani ya jiko la injini na taa, akakaa ndani muda mrefu, akatoka na utando wa buibui kichwani. Alisema dari la jiko, kile chuma kilicho juu ya moto, halikupinda hata kidogo, na kwamba angechelewa kidogo tu kuutoa ule moto, tusingekuwa tunazungumza. Hadji aliniita. Hakunitazama usoni.

"Nenda Muyinga," akasema. "Umwambie porte ouverte iko. Umwambie mi ndiye namwita."

Nilimkuta Fundi Butihinda, nyuma ya nyumba, juu ya kigoda, anapukuchua mahindi. Mke wake alinikaribisha. Kofia ilikuwa ile ile. Nilimsalimu kwa sauti, akainua uso upande wangu.

"Msomi."

"Mimi, Fundi. Boila ni zima. Mtu wa boila amelipima. Dari halikupinda."

Mikono yake ilisimama juu ya gunzi. "Halikupinda?"

"Halikupinda."

"Hata pembeni, kwenye mlango?"

"Hata pembeni. Na Hadji anakuita. Yeye mwenyewe."

Alicheka kidogo, akaendelea kupukuchua. Hakusema atakuja. Nikaona ni kwa sababu yangu, na yale niliyoyabeba miaka mitatu yakanitoka yote kwa pamoja, shati, koki, kioo, uongo, jinsi injini ilivyonikataa mimi na yeye akabeba lawama. Mke wake aliacha kufagia.

"Nilijua hukukipima," akasema Fundi. "Anayefungua koki ile ananuka kutu. Wewe ulinuka sabuni."

"Basi kwa nini tuliondoka?"

Alinyoosha mkono kutafuta kikombe cha uji kilichokuwa chini mbele yake. Ukapita pembeni, ukarudi, ukapita tena. Mke wake aliinama, akakiweka kwenye kiganja chake, na yeye akafunga vidole juu yake.

"Nilikiinamia kioo," akasema, "na sikuona kioo. Ilikuwa miaka miwili hivyo. Kuifungua koki tena mbele ya Hadji, wakati umeshasema kimejaa na kioo kiko puani pangu, ni kusema nimekuwa kipofu. Nikasema haya."

Nilichukua gunzi, nikaanza kupukuchua pamoja naye.

"Na hayo ya injini kumkataa mwongo," akasema, "acha kuyasema, Msomi. Injini haimjui mwongo. Ingekuwa inamjua, ingenishusha mimi kabla yako. Maji yalipungua, sikuyaona. Ni hivyo tu."